Affect au effect? Jaribu "sana" na "kubwa" kabla ya kuandika

Ukiandika "recieve", kompyuta inakupigia mstari mwekundu hapo hapo. Ukiandika "The floods effected many families", mara nyingi inanyamaza. Haina cha kulalamikia: effect ni neno halali la Kiingereza, affect nalo ni halali, na kila moja limeandikwa sawasawa. Kasoro iko kwenye maana, na maana iko kichwani mwa aliyeandika. Kazi inayonilisha ni kuhariri ripoti, barua na maandiko ya miradi ya watu wanaofikiri kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza, na hakuna jozi ya maneno ninayoikuta imegeuzwa mara nyingi kama hii.

Si tatizo letu peke yetu. Waingereza na Wamarekani nao huyachanganya, na wana sababu. Katika maneno yote mawili shadda, yaani mkazo wa sauti, iko kwenye silabi ya pili, na Kiingereza kina tabia ya kuimeza irabu isiyo na shadda. Irabu inayomezwa hapo ndiyo hiyo hiyo iliyobeba tofauti yote. Msomaji wa habari akienda mbio, huwezi kuapa kama amesema hili au lile. Kiswahili hakimezi irabu zake, kwa hiyo mtu wetu aliyejifunza maneno haya kitabuni huyatamka kila moja kivyake. Aliyeyapata kwa kusikiliza redio na filamu ndiye anayebaki na sauti moja kwa maneno mawili.

Lakini Mswahili ana nafuu ambayo Mwingereza hana. Lugha yetu imeshayatenganisha mambo haya mawili. Tuna kuathiri, ambacho ni kitenzi, na tuna athari, ambayo ni nomino. Hutamsikia mtu akisema "mvua zimeathari mazao" wala "kuathiri ya mvua ni kubwa". Sikio linakataa lenyewe. Kilichobaki ni kulihamishia sikio hilo kwenye Kiingereza: kuathiri ni affect, athari ni effect. Hiyo peke yake inatosha kwa sentensi nyingi sana utakazoandika maishani. Zinazobaki ni chache, ila zinauma, maana nyingine zinagusa fedha na nyingine zinagusa wagonjwa. Nitazifikia.

Kipimo cha "sana" na "kubwa"

Kuna atakayesema: sawa, lakini nikiwa katikati ya sentensi ya Kiingereza sikumbuki hata kama nataka nomino au kitenzi. Basi acha majina ya sarufi, jiulize kitu kingine. Neno hilo ungelitilia "sana" au ungelitilia "kubwa"? Mvua zimeathiri sana mazao. Mvua zimekuwa na athari kubwa kwa mazao. Panapokuja sana, andika affect. Panapokuja kubwa, andika effect.

The rains have seriously affected the crops.
The rains have had a serious effect on the crops.

Zitazame sentensi hizo mbili taratibu, kwa sababu hakijabadilika kitu kimoja tu. Katika ya kwanza kuna seriously, katika ya pili serious, na hiyo ndiyo sana na kubwa yetu. Katika ya kwanza affected imeshika mazao mkononi bila mtu wa kati: affected the crops, kama tunavyosema zimeathiri mazao. Katika ya pili effect haiwezi kuyafikia mazao yenyewe, mpaka ipitie kwa on, kama athari inavyopitia kwa neno "kwa". Tena hapa effect haitembei peke yake, imebebwa na have, kama athari inavyobebwa na "kuwa na".

Hapo ndipo linapozaliwa kosa ninalolikuta kuliko hata lile la herufi: "This will affect on our budget", "The disease affects to children". Mwandishi ameanza na "athari kwa" kichwani, akafika katikati akashika kitenzi, kihusishi, yaani hiyo on au to, kikabaki kinaning'inia. Kuathiri hakuhitaji kihusishi kwetu, na affect haikihitaji kwao. This will affect our budget. The disease affects children. Futa hiyo on, futa hiyo to.

Upande wa pili wa sentensi una kihusishi chake pia. Athari ya kitu ni effect of, athari kwa kitu ni effect on: the effect of drought on farmers, athari ya ukame kwa wakulima. Yaani of humtaja mtendaji, on humtaja aliyepatwa. Ukivigeuza, mkulima ndiye anayeuathiri ukame.

Kisha kuna herufi s ya mwisho, mtego mdogo ambao hunasa hata watu makini. Affects na effects zinafanana mkia, lakini mikia hiyo haina undugu. S ya affects inasema mtendaji ni mmoja, yeye na wala si mimi: drought affects us. S ya effects inasema athari ni nyingi: the effects are many. Kwa hiyo ukame mmoja, yaani drought, huchukua affects yenye s, na ukame wa mara nyingi, yaani droughts, huchukua affect isiyo nayo. Kwa Mswahili hili ni jambo la kushangaza kidogo, maana kwetu wingi haujifichi hivyo.

Herufi ya kwanza uishike wapi

Walimu wa Kiingereza wana kifupisho chao, RAVEN: remember, affect verb, effect noun. Ni kizuri, ila kinakudai ukumbuke Kiingereza ili ukumbuke Kiingereza. Mimi huwapa watu njia ya hapa nyumbani: A ya affect ni a ya kuathiri, E ya effect ni e ya matokeo. Tahadhari moja. Usijaribu kushika neno athari kwa herufi yake ya kwanza, kwa sababu kuathiri na athari zimetoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu na zote zina a. Shika matokeo.

Na matokeo si neno lililookotwa tu kwa sababu lina e. Maneno yote mawili ya Kiingereza yanatokana na kitenzi cha Kilatini facere, kufanya. Affect ilianza na ad, kuelekea: kukifanyia kitu jambo, kukielekea na kukigusa. Effect ilianza na ex, kutoka: kufanya mpaka kitu kikatoka. Sasa matokeo yanatokana na nini, kama si kutoka? Mrumi na Mswahili hawakukaa kikao, lakini wamefika mahali pamoja. Effect ni kilichotokea, affect ni kuguswa. Liweke hilo akilini, litakufaa tutakapofika kwenye barua za malipo.

Aiskrimu ya Magamba

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Lushoto. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: maziwa yanachemshwa, yanatiwa sukari, yanaachwa yapoe, ndipo yanaingizwa kwenye friza. Nafasi ilikuwa ya kugombania. Mwenzake mmoja, ili awahi, akatia sukari kwenye maziwa bila kuyachemsha akayaweka ndani. Mpemba akaona akisubiri yapoe ataikosa nafasi, akaingiza ya kwake yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi, ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado ni uji.

Akauliza kwa nini, mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Hakuacha kuuliza. Alipokuwa shule ya sekondari ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza Denis Osborne, mwanafizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kutoa mhadhara, na Osborne hakulitupa swali, akalipeleka maabara. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la Physics Education, yenye kichwa kifupi kuliko vyote: "Cool?" Wanafizikia wanabishana mpaka leo kuhusu sababu yake, na wapo wanaotilia shaka kama jambo lenyewe hutokea kweli kweli, lakini jina limeshakaa: the Mpemba effect.

Ni effect, si affect, kwa sababu ni jina la kitu kinachotokea. Ndivyo ilivyo kwa majina yote ya namna hiyo: Doppler effect, greenhouse effect, placebo effect. Sayansi haina hata "affect" moja ya aina hii iliyopewa jina la mgunduzi. Lakini swali alilokuwa akilibeba Mpemba, ukiliandika kwa Kiingereza, linageuka: How does the starting temperature affect the time water takes to freeze? Hapo ni affect, kwa kuwa baada ya does mtendaji wetu, yaani joto la mwanzo, anahitaji kitenzi. Uliza kwa njia nyingine na effect inarudi: What effect does the starting temperature have on the freezing time? Swali ni lile lile, jibu ni lile lile, neno limebadilika kwa sababu kazi yake imebadilika.

Mwanafunzi wa kidato cha nne ayazoee maumbo hayo, kwa maana karatasi za jiografia, baiolojia na kemia zimejaa. How does … affect. What effect does … have on. State the effects of. Kila moja linakuonyesha pia namna ya kuanza jibu lako. Ukiulizwa "State the effects of soil erosion", jibu lako ni orodha ya matokeo. Ukiulizwa "Explain how soil erosion affects food production", orodha haitoshi, wanataka uonyeshe mmomonyoko unavyofika mpaka kwenye chakula. Nimeona watoto werevu wakijibu swali la pili kana kwamba ni la kwanza, na hapo tofauti ya affect na effect inakuwa tofauti ya alama.

Pale Kiswahili kinapokupotosha

Nimesema Kiswahili kinatusaidia. Kuna mahali kinatuponza pia. Kwetu athari imezoea kuwa mbaya. Ukisikia "athari za mabadiliko ya tabianchi" hutegemei habari njema. Effect haina ubaya wala wema. Positive effects ni kitu cha kawaida kabisa kwa Kiingereza, na ukikitafsiri "athari chanya" utaeleweka, ingawa mtu wa kawaida angesema faida au manufaa. Kinyume chake, mwandishi wa Kiswahili akiwa na faida mkononi huogopa kuandika effect, akaona imekaa vibaya. Asiogope.

Side effects za dawa ni mfano mwingine. Hospitalini huitwa madhara, na wahudumu wa uzazi wa mpango nchini Tanzania wana namna yao ya upole ya kuzitaja, maudhi madogo madogo. Kwa Kiingereza ni side effects siku zote, maana ni matokeo yanayotokea pembeni. "Side affects" haipo.

Gumu zaidi ni neno mwathirika. Janga la UKIMWI lilipoingia, mwathirika likawa jina la mtu mwenye virusi. Kiingereza cha mashirika kilikuwa na maneno mawili yaliyokwenda pamoja, infected and affected. Infected ni walioambukizwa. Affected ni wote walioguswa: yatima, mjane, bibi anayelea wajukuu watano kwa kuuza maandazi. Kiswahili kilipowaweka wote kwenye kapu la "waathirika", yule bibi alipotea kwenye hesabu. Leo tunasema watu wanaoishi na VVU, WAVIU kwa kifupi, na hilo limesafisha upande mmoja. Lakini ukipewa ripoti ya zamani ya Kiswahili uitafsiri, usikimbilie. Uliza kwanza "waathirika" hao ni infected au ni affected. Na ukishajua ni affected, usiandike "the effected families". Familia iliyoathirika ni affected. Effected ingekuwa familia iliyotokezwa, na sijui imetokezwa wapi.

Effect inapokuwa kitenzi

Hapa sasa ndipo palipo na fedha. Kiingereza cha ofisi za Afrika Mashariki kina sentensi ambayo kila mhasibu anaijua: Kindly effect payment. Mtu aliyejifunza kwamba effect ni nomino tu huiona hii akadhani ni kosa, akaisahihisha iwe "Kindly affect payment". Amemwomba mhasibu ayavuruge malipo.

Effect kama kitenzi maana yake ni kufanya kitu kitokee, kukitekeleza, kukikamilisha. Ni ile ex ya Kilatini, kutoka. The bank effected the transfer: benki ilikamilisha uhamisho wa fedha, fedha zimefika. The strike affected the transfer: mgomo uliugusa uhamisho huo, labda ukachelewa, labda haukufanyika kabisa. Sentensi ya kwanza inamtuliza anayedai, ya pili inamfanya apige simu. Polisi huweza to effect an arrest, yaani kumkamata mtu. Fundi huweza to effect repairs. Na wanasiasa wanapenda to effect change, kuleta mabadiliko. Wakiandika "affect change" wamesema watayagusa mabadiliko yaliyokwisha kuanza, pengine kuyazuia, na sidhani ndicho walichokusudia kuwaahidi wapiga kura.

Kile kipimo cha sana na kubwa kitakuambia mapema. Jaribu kutia "kuathiri sana" kwenye Kindly effect payment. Haikai. Hakuna anayeomba malipo yake yaathiriwe. Basi jaribu tekeleza, fanikisha, kamilisha. Likikaa mojawapo, na mahali penyewe panataka kitenzi, ni effect. Kwa maoni yangu, lakini, kama huna uhakika andika pay. "Please pay by Friday" inalipwa haraka kuliko "Kindly effect payment on or before Friday", na haina herufi ya kukosea.

Affect inapokuwa nomino

Kitu hiki ni adimu mtaani. Utakikuta kwenye jalada la mgonjwa wa afya ya akili. Madaktari wa magonjwa ya akili huandika affect wakimaanisha hisia kama zinavyoonekana nje, usoni na sautini. Flat affect ni mgonjwa ambaye uso wake hauonyeshi furaha wala huzuni hata akisimulia msiba. Ndiyo maana kuna ugonjwa unaoitwa bipolar affective disorder, wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Hapa affect hubadilisha hata matamshi: shadda inarudi mwanzoni, A-fekt. Muuguzi anayenakili jalada na "kusahihisha" flat affect iwe flat effect amefuta dalili.

Ipo pia affect ya kujifanya. He affected a British accent: alijitia lafudhi ya Kiingereza cha Uingereza. Mnamfahamu mtu huyo, kila ukoo unaye. Ni kitenzi bado, kwa hiyo kanuni haijavunjika.

Misemo isiyojadiliwa

Kuna misemo ambayo haina haja ya kupimwa, yote ni effect, inakaririwa basi. Ya kwanza kwa umuhimu ni with effect from, ambayo kwenye barua huandikwa w.e.f. Maana yake ni kuanzia tarehe. Barua ya kupandishwa cheo au ya uhamisho ikisema w.e.f. 1st July, mshahara mpya unahesabiwa kuanzia siku hiyo ambayo mwaka wa fedha wa serikali huanza Kenya, Uganda na Tanzania, hata kama barua yenyewe umeipata Septemba. Ndiyo sababu neno hili lisipuuzwe: tarehe inayofuata w.e.f. na tarehe iliyo juu ya barua hazilazimiki kufanana, na pengo lililo kati yake ni malimbikizo yako. With immediate effect ndiyo ile ya uteuzi kutenguliwa, kuanzia muda huo huo. Take effect na come into effect ni kuanza kutumika, kwa sheria, bei na hata dawa mwilini. In effect ni "kwa vitendo", "ukitazama vizuri". Words to that effect ni maneno yenye maana hiyo, unapomnukuu mtu bila kushika neno kwa neno.

Personal effects huwashangaza wengi, kwa sababu si athari hata kidogo. Ni vitu binafsi vya mtu: nguo, saa, viatu, simu. Hospitali au polisi wakikukabidhi personal effects za marehemu, wanakukabidhi mfuko wa vitu vyake. Mtu anayerudi nyumbani kutoka Muscat au Toronto atalikuta neno hilo forodhani pia, maana sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina msamaha wa ushuru kwa mizigo ya abiria na personal effects zake, kwa masharti yaliyoandikwa humo. Neno hili hukaa katika wingi siku zote. Ukiandika "personal effect" bila s, ofisa atakuelewa, lakini fomu itakuwa imesema kitu kingine.

Jaribio

Jaza mapengo haya kabla hujasoma chini:

The closure of the bridge has ____ traders on both banks. Its ____ on prices was felt within days. The council promised to ____ repairs with ____ from 1st July, but nobody knows how the long rains will ____ the work.

La kwanza ni affected: kufungwa kwa daraja kumewaathiri sana wafanyabiashara, na yambwa, yaani anayetendewa, imefuata bila kihusishi. La pili ni effect. Its mbele yake na on nyuma yake vimeshakujibu, ni athari yake kwa bei. La tatu ni effect, ile ya kitenzi, kwa maana halmashauri imeahidi kutekeleza ukarabati. Ukiweka affect umesema halmashauri imeahidi kuuvuruga ukarabati, ahadi ambayo halmashauri nyingine huitimiza kwa uaminifu zaidi. La nne ni effect ya msemo, with effect from. La tano ni affect: hatujui mvua za masika zitaiathirije kazi. Will inataka kitenzi, na kitenzi chenyewe ni cha kugusa.

Ukiyapata yote matano, hesabu umemaliza. Ukikosa la tatu peke yake, uko sawa na wasomi wengi tu.

Neno moja kuhusu wanaokwepa. Siku hizi ripoti za mashirika zimejaa impact, kitenzi na nomino kwa pamoja: drought impacted farmers, the impact of drought. Ni njia ya kutorokea, na ndani ya chumba cha mtihani, dakika zikiwa zimebaki tatu, itumie bila haya. Kwenye ripoti inachosha. Impact ina kishindo ndani yake, kitu kimegonga kitu, na si kila kinachoathiri kinagonga. Bei ya chumvi ikipanda shilingi hamsini, hiyo ni effect. Usiipigie tarumbeta.

Kabla hujaituma kazi yako, fungua sehemu ya kutafuta maneno kwenye kompyuta, andika "ffect" bila herufi ya kwanza. Itakuletea zote mbili mfululizo, moja baada ya moja, na utazipima kwa sana na kubwa bila kusoma ripoti nzima upya. Effective na affection zitajitokeza humo pia, hizo zipite. Kisha tafuta "affect on" na "affects on". Zikionekana, karibu kila mara kuna kimojawapo cha kuondoa: ama hiyo on, ama hiyo a.